Kiroba cha Mama Kelele

Kiti anachokalia Tuone sebuleni kwake ni kiti cha helikopta. Fundi alikifungua kutoka kwenye mabaki, akakichongea miguu ya mbao, akampelekea hospitalini siku aliporuhusiwa kutoka. Mguu mmoja ulitoka mfupi na hakuna aliyewahi kuuwekea kabari, kwa hiyo Tuone huongea nawe huku akiyumba kidogo upande wa kushoto. Nimemwambia mara nyingi kwamba mtu aliyeanguka na helikopta hana sababu ya kuendelea kukalia kiti chake. Hunijibu kwa neno lake lile lile: "Tuone."

Ndilo lililompa jina. Alikuwa rubani wa shirika lililopeleka dawa na chanjo kwenye zahanati za milimani, mimi nikiwa nesi wa safari zake, na Fundi akiwa Fundi. Asubuhi ukimuuliza, "Kapteni, leo tunaruka?" alitoka nje, akatazama mlima, akatazama kitambaa cha upepo pale uwanjani, akasema, "Tuone." Mkiwa angani ukimuuliza kama mtavuka, "Tuone." Mara ngapi alitugeuza tukiwa tumekaribia kufika, kwa sababu ya wingu ambalo mimi niliona ni la kupita tu! Nilikuwa nanuna njia nzima. Marubani wenzake walimwita mwoga mbele ya macho yake, naye akacheka pamoja nao na kuendelea na chai yake. Baadhi ya hao waliomcheka tulikwenda kuwazika.

Nikikumbuka maisha yale moyo unaniuma kwa hamu. Karakana yetu ilinuka mafuta ya ndege na chai iliyochemka kupita kiasi. Pembeni palikuwa na mizani ya magunia ambayo Tuone aliitoa kwenye ghala moja la nafaka, na hakuna aliyepanda helikopta bila kuikanyaga, awe mkubwa wa shirika au mgonjwa. Uzito aliuandika kwa chaki ndani ya mlango, wangu ukiwa hapo hapo, kila mpita njia ausome. "Nesi, likizo ilikuwa tamu naona," Fundi alikuwa akinichokoza, halafu zamu yake ikifika anabana pumzi na kuvuta tumbo ndani, akidhani mizani itaona haya.

"Cheka tu," Tuone alimwambia siku moja. "Hapa chini hewa ni nzito, inatubeba bila kulalamika. Kule juu ni nyembamba, na jua likiwaka inazidi kuwa nyembamba. Hicho kitambi chako hapa ni mzigo, kule ni adui."

Mlima hakuuendea uso kwa uso hata siku moja. Aliukaribia kimshazari, ubavu ubavu, kwa sababu upepo ukishavuka mgongo wa mlima hushuka upande wa pili kwa nguvu na kukusukuma chini. Ukienda kimshazari unakuwa umeshaanza kugeuka kabla haujakuzidi. Tulipokaribia lile pengo kati ya vilele viwili, ambalo wote tuliliita Pengo, ilikuwa ni marufuku kuzungumza. Hata mimi nilinyamaza, na walionifahamu walijua hilo si jambo dogo.

Shida yake kubwa haikuwa upepo. Ilikuwa ni ukarimu. Watu wa kule juu hawakujua kumwacha mgeni aondoke mikono mitupu. Walileta kabichi, kuku, asali kwenye madumu, na Tuone akakataa vyote. Alichukua kiazi kimoja, akakitia mfuko wa shati, akakipigapiga na kusema, "Nafasi niliyonayo ni hii." Wazee walicheka lakini akina mama waliona wamedharauliwa. Basi wakajifunza kuficha. Mara tukifika chini tunakuta yai limefungwa kwenye koti la Fundi, mara karoti zimo ndani ya sanduku la sindano. Tulicheka na kuzila. Vilikuwa vitu vidogo.

Mama mmoja tulimteremsha akiwa na uchungu uliokataa kwenda mbele. Mtoto wa kike alizaliwa uwanjani kwetu kabla panga la juu la helikopta halijaacha kuzunguka, na alilia kwa sauti iliyoishinda injini. "Huyu ni Kelele," akasema Fundi, na jina likaganda. Mama yake akawa Mama Kelele tangu siku hiyo.

Miezi ikapita. Tukapanda na chanjo, na Mama Kelele akaja zahanati na mtoto wake, amenona, mashavu yamejaa. Mizani pekee kule juu ilikuwa ile ya kupimia watoto wachanga, inayoning'inizwa kwenye boriti. Nilimning'iniza Kelele, akaanza kupiga mayowe yake, na watu wote wakajaa chumbani kushangilia kilo zake. Mama yake akatoka kimyakimya. Nilidhani amefuata nguo ya mtoto. Kumbe alikuwa amebeba kiroba cha viazi mgongoni tangu shambani kwake, amekificha nyuma ya ukuta, na wakati sisi tunampima mwanawe yeye alikuwa anakisukumiza nyuma kabisa ya helikopta, chini ya mablanketi na masanduku matupu ya chanjo. Alikijaza hadi mdomo haufungi, akaushona kwa kipande cha shuka la kijani alilokuwa akimbebea mtoto.

Tuliondoka mchana, jua limewaka. Helikopta ilipoinuka, mkia ulining'inia.

"Fundi, umeongeza kitu?" Tuone akauliza.

"Sijaongeza hata msumari."

"Nesi?"

"Mimi nimepungua. Toka asubuhi sijatia kitu mdomoni."

Akatazama Pengo. Wingu lilikuwa linaanza kuliziba kutoka upande wa chini, na tukilala kule chanjo za kesho za zahanati nyingine tulizobaki nazo zingeharibika. Alikaa sekunde kadhaa na helikopta ikiwa imeelea juu ya nyasi. Nilimngoja aseme neno lake. Hakulisema. Akasukuma mbele.

Tuliingia Pengo kimshazari kama kawaida. Upepo wa kushuka ukatupiga, naye akaanza kugeuka kama kawaida, ila safari hii injini ilinguruma na sisi tukaendelea kushuka. Nakumbuka mikono yake. Haikuhangaika hata kidogo. Alielekeza pua chini, mbali na mwamba, akatafuta kitanda cha nyasi ndefu kwenye mteremko, na akatupeleka hapo. Mkia uligonga kwanza. Tukabiringika ubavuni, panga likajivunja ardhini kipande kwa kipande, halafu kukawa kimya mpaka nikasikia mafuta yakidondoka.

Tulikuwa hai wote watatu. Mimi bega liliteguka, Fundi alipasuka kichwani, Tuone mguu wake ulivunjika chini ya goti na mfupa nikauona. Nilimfunga kwa mbao za sanduku la chanjo huku nikimfokea, maana mimi nikiogopa hufoka. Redio ilikufa. Wingu likatufunika, na baridi ya kule haina adabu.

Fundi alikwenda nyuma kutafuta mablanketi. Akarudi anaburuta kiroba kwa mkono mmoja.

Tuone alikitazama. Akanyoosha mkono, akagusa ule mshono wa shuka la kijani. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni la nani.

"Kisogeze nikipime," akasema. Akaingiza mikono chini yake akiwa amelala hivyo hivyo, akakiinua kidogo, akakiachia. Akafumba macho. Niliona amepata jibu la mkia kuning'inia.

Sasa nikwambie jambo ambalo limenikera na kunichekesha maisha yangu yote. Kile kilichotuangusha ndicho kilichotulisha. Fundi alijaza udongo kwenye kopo, akaumwagia mafuta ya ndege, akauwasha, na moto ule ukawaka taratibu bila kuzimwa na upepo. Tukachoma viazi. Vilikuwa vyeusi nje, vibichi ndani, na vilinuka injini. "Karibuni," Fundi akasema, damu imemkaukia usoni, "viazi vya mafuta ya ndege, havipatikani hotelini." Tulicheka hadi Tuone akalia kwa maumivu ya mguu. Tukalala tumebanana chini ya mablanketi, Tuone katikati, na kila mmoja wetu amekumbatia kiazi cha moto kifuani. Sijawahi kuwapenda watu kama nilivyowapenda wale wanaume wawili kwenye ile baridi.

Ni hapo hapo, kati ya kiazi kimoja na kingine, Tuone alipotoa uamuzi wake.

"Wakituuliza, ni upepo," akasema. "Kiroba kilikuwa kwenye hesabu yangu. Nilikosea upepo."

"Unasema uongo gani huo?" nikamwuliza. "Watakunyang'anya kazi."

"Wakijua ni kiroba, watafuta safari za kule juu. Na yule mama, Nesi. Fikiria yule mama. Atalala vipi?"

"Na wewe utalala vipi?"

"Mimi mkononi nilisikia kuna kitu, na nikaenda. Ningeshuka nikakagua. Kwa hiyo si uongo wote."

Fundi alikubali kabla yangu. Mimi nilibishana mpaka sauti ikanikauka, kisha nikakubali kwa hasira, na hasira ile sijaiacha mpaka leo.

Wingu lilipofunguka, waliotutafuta waliona moshi wetu. Wakubwa wa shirika wakakaa kikao, Tuone akaeleza upepo wake, na wakamwondoa angani. Alipewa ghala, ahesabu vipuri ambavyo wengine waliruka navyo. Wale waliomwita mwoga sasa wakasema ni mzembe. Nilitaka kuwapasulia ukweli mbele ya chai yao, lakini nikimwangalia Tuone ananitikisia kichwa, nameza.

Habari zilizofika milimani zilikuwa nyingine kabisa: kwamba viazi vya Mama Kelele viliokoa watu watatu. Hakuna aliyezipinga, kwa kuwa zilikuwa kweli. Mama yule alitembea na heshima hiyo kijiji kizima. Tangu hapo, kila mavuno kiroba hushuka kwa lori mpaka kwa Tuone, kimejaa hadi mdomo haufungi, kimeshonwa kwa kitambaa cha kijani. Naye hula viazi hivyo bila kubakiza, akiwagawia na majirani. Fundi alipokuwa hai alikuja kuchukua fungu lake. Akikishika kile kiroba alikuwa ananitazama, namtazama, tunapeleka macho dirishani.

Fundi ametutangulia. Tumebaki mimi na Tuone, na kila Jumamosi mchana mimi huja kumpima presha na kumgombeza kuhusu chumvi. Kelele naye akakua. Mtoto aliyezaliwa chini ya panga akasema anataka kuliendesha, na nani angemkataza? Alisoma, akafuzu, na sasa ndiye anayeruka ile njia yetu ya milimani kwa ajili ya shirika hilo hilo. Akiwa na nafasi hupitia kwa Tuone. Mimi huniita Bibi Nesi, Tuone humwita Babu.

Jumamosi moja aliingia akicheka kabla hajavua viatu.

"Babu, watu wa kwetu hawa! Juzi nimetua chini, nafungua nyuma, nakuta nini? Kabichi! Gunia la kabichi limefunikwa turubai. Wamenifichia kama wezi. Nilishangaa mbona mkia unaning'inia, kumbe nabeba soko zima."

Nilikuwa nimeshika kifaa cha presha mkononi mwa Tuone, na niliuona mshale ukipanda. Kiti kiliacha kuyumba.

"Ulipita Pengo hivyo?" akauliza.

"Nimepita. Asubuhi, hewa imetulia. Sasa Babu, nitawagombeza? Ni upendo tu. Mama mwenyewe hujisifu kila siku kwamba kiroba chake kiliwaokoa. Wote wanataka kuwa yeye."

Nilimtazama Tuone na nikaona jambo nililoliogopa. Uamuzi wake wa kule mlimani ulikuwa umegeuka. Alinyamaza ili mama alale, na kunyamaza kwake kumewafundisha watu kumpakilia mtoto huyu mizigo ya siri. Siku moja atapita Pengo mchana, jua limewaka.

"Kaa chini, mama," Tuone akamwambia Kelele.

Akamweleza yote. Mkia, kitambaa cha kijani, mikono yake chini ya kiroba. Hakujitetea mahali popote. Alirudia hata lile la kwamba alisikia mkononi na hakushuka. Kelele alisikiliza akiwa bado ameshika kiatu kimoja, na Tuone alipofika mwisho machozi yalikuwa yakimtiririka bila sauti, yeye Kelele.

"Kwa hiyo ghala," akasema. "Miaka yote ile ya ghala."

"Ghala lilikuwa na kivuli kizuri," Tuone akajibu.

"Usinifanyie mzaha, Babu!"

"Sikufanyii. Sikiliza. Hakikisha hawakupakilii tena. Lakini mama yako asijue."

"Nitawazuiaje bila kusema kwa nini?"

Tuone akafungua mdomo. Nilijua neno linalokuja, na lilikuja dogo, la mtu asiyejua. "Tuone," akasema.

Wiki zilizofuata hakulala vizuri. Sikuhitaji kuambiwa, presha iliniambia. "Nimemtwika mtoto," alikuwa akirudia. "Nimemtwika mzigo wa mamake." Nilimwambia bora mzigo moyoni kuliko mkiani, nikadhani nimesema la maana, kumbe alikasirika, tukakaa bila kuongea mpaka chai ikapoa. Niliogopa jambo moja tu pamoja naye: kwamba yule mama kule juu, mzee sasa, angeamka siku moja na kujua, na heshima yake yote igeuke kuwa aibu.

Mavuno yakafika. Lori halikuja. Jumamosi tukasikia gari nje, na Kelele akaingia na kiroba begani. Alikitua katikati ya sebule, akakaa sakafuni kando yake.

Kilikuwa nusu. Mdomo umefungwa vizuri, kitambaa cha kijani kimezungushwa na ncha zake zimening'inia, hakuna hata kiazi kimoja kilichochungulia.

"Nilipeleka mizani ya magunia," Kelele akasema. "Niliisimamisha pale pale panapotua helikopta. Nikasema ni sheria mpya, kila kitu kipimwe, mtu na mzigo wake. Wakanung'unika, wakapima. Mama akaja na cha kwako, kimejaa kama siku zote. Akakipandisha. Akautazama mshale."

"Halafu?" nikauliza mimi.

"Akaniuliza, 'Kile cha siku ile hakikupimwa, sivyo?' Nilitafuta la kumwambia, Babu, naapa nilitafuta. Nikashindwa. Akauliza, 'Kapteni alijua?' Nikasema alijua. 'Tangu lini?' Nikasema tangu kule kule mlimani. Akakaa juu ya mizani, watu wakimtazama. Alilia, sikufichi. Nilidhani hatanyanyuka. Kisha akafumua mshono, akatoa viazi kimoja kimoja, anatazama mshale, anatoa, anatazama, mpaka mwenyewe akaridhika. Vilivyobaki akawagawia watu pale pale, na akasimama kando ya mizani hadi niliporuka, akimzuia kila aliyetaka kunipitia nyuma. Mpaka mchungaji amerudishiwa kuku wake."

Tuone alijiinua kutoka kwenye kiti chake kwa mguu ule mbovu. Nilitaka kumshika, akanizuia. Akainama, akaingiza mikono chini ya kiroba kama alivyofanya siku ile, akakiinua, akakishikilia kifuani.

"Hakusema kitu?" akauliza. "Hakutuma neno?"

"Ametuma," Kelele akasema. "Alisema, 'Mwambie Kapteni hiki nimekipima.'"